ALIYEONA NI DEREVA WA TEKSI

Andiko la leo ni refu kuliko kawaida yetu, kwa hiyo weka chai karibu na usome polepole. Ni historia ya kweli ya ndege ya mizigo iliyoanguka gizani, kwenye baridi kali, ikiwa imebeba ng'ombe. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara nakwama mahali pamoja. Nitakuonyesha tukifika.

Alhamisi, tarehe 13 Januari 1977. Mji ni Anchorage, jimbo la Alaska, kule juu kabisa ambako Marekani inakaribiana na Urusi. Mwezi wa Januari kule jua huchelewa sana. Saa 12 asubuhi, wakati sisi huku watoto wameshavaa sare na kuanza kutafuta viatu, Anchorage bado ni usiku mweusi. Asubuhi ile kulikuwa pia na ukungu uliokaa juu ya uwanja wa ndege. Upepo ulikuwa umetulia kabisa na macho hayangeweza kuona mbali zaidi ya robo maili.

Pengine unajiuliza Anchorage ina nini hata ndege ipite huko. Miaka ile anga ya Muungano wa Kisovieti ilikuwa imefungwa kwa mashirika mengi ya nchi za Magharibi na Japani, na ndege zenyewe hazikuwa na uwezo wa kwenda mbali kama za leo. Kwa hiyo ndege nyingi zilizosafiri kati ya Asia na Marekani, au hata kati ya Asia na Ulaya, zilitua Anchorage kujaza mafuta na kubadilisha marubani. Ulikuwa kama Mtito Andei kwa basi la Mombasa, ila kwa ndege. Hadi leo uwanja ule ni mmoja wa viwanja vyenye ndege nyingi zaidi za mizigo duniani.

Ndege yetu ilikuwa DC-8 ya mizigo ya Japan Air Lines. Ilikuwa imepakia ng'ombe hai 56 wa nyama huko Moses Lake, katika jimbo la Washington, ili wafikishwe Tokyo. Marubani walioileta kutoka kusini walitua Anchorage alfajiri wakashuka kupumzika. Walisema walikutana na barafu walipokuwa wakishuka kupita kwenye ukungu. Shika neno hilo, barafu, tutalirudia. Wengine watatu walikuwa wanawasubiri ili waendelee na safari: kepteni Mmarekani mwenye umri wa miaka 53, rubani msaidizi Mjapani, na fundi wa ndani ya ndege, naye Mjapani. Pamoja nao wangekuwako wachungaji wawili wa ng'ombe. Jumla watu 5.

Kepteni huyu hakuwa mwanagenzi. Alikuwa amekaa angani zaidi ya saa 20,000. Ni mtu ambaye ukimkuta kwenye ngazi ya ndege unampisha.

Sasa twende kwenye teksi.

Kabla ya saa 11 alfajiri gari lilikwenda hotelini kuwachukua wale watatu. Dereva ni mtu wa kawaida, wa kubeba watu usiku. Hajui chochote kuhusu kurusha ndege. Lakini madereva wa usiku wanajua walevi kuliko daktari yeyote. Alimwona kepteni uso umewiva, macho yamekuwa kama kioo, maneno hayatoki sawasawa, na kushuka kwenye gari ni kazi. Dereva hakusema, "Haya si yangu." Baada ya kuwashusha alitoa habari kwa ofisi yake ya teksi kwamba amempeleka uwanjani kepteni aliyelewa. Na mtu wa ofisi ya teksi, naye pia si mtu wa ndege, akapiga simu kwa kampuni iliyokuwa ikihudumia ndege za Japan Air Lines pale uwanjani.

Simu ilipokelewa. Ujumbe ulieleweka. Na aliyeupokea akafanya hesabu ambayo mimi na wewe tumeifanya mara nyingi: kama kweli kepteni amelewa, wale walio naye karibu wangekuwa wameshaona na wangekuwa wameshachukua hatua. Basi.

Hapo ndipo ninapokwama, wapendwa.

Kwa maana wale waliokuwa naye karibu walikuwa wengi. Alipita kwenye ofisi ya safari, akapewa karatasi za hali ya hewa na za uzito. Alionana na watu waliomkabidhi ndege. Alipanda ngazi. Alikaa kwenye kiti chake, na upande wake wa kulia, umbali wa mkono tu, alikaa rubani msaidizi, na nyuma yao fundi. Wachunguzi walipokusanya ushahidi baadaye walipata habari zinazogongana. Wako waliosema hawakugundua kitu. Wako waliosema amekunywa katika saa ambazo hakuruhusiwa kunywa. Tunajua hivi: mtu aliyezoea pombe kwa miaka mingi anaweza kusimama wima na kutia sahihi karatasi, na mtu asiyetaka kuona hataona.

Ndege ilipoanza kusogea kuelekea njia ya kurukia, mambo yalianza kujionyesha yenyewe. Uwanja una njia mbili zinazokwenda sambamba, na kepteni alichanganyikiwa kati yake. Mnara wa kuongozea ndege ulilazimika kumweka sawa, na dakika zikapotea pale gizani kwenye ukungu. Mtu anaweza kusema ni ukungu. Ukungu humchanganya hata aliye na akili timamu. Ndiyo, lakini hapo ndani walikuwa watatu, na wawili kati yao hawakuwa wamekunywa.

Saa 12 na dakika 34 ndege ilianza kukimbia. Ikafika mwendo wa kunyanyuka, pua ikainuliwa, magurudumu yakaacha ardhi. Watu waliokuwa chini waliiona ikipanda kwa namna isiyo ya kawaida, ikafika kimo cha mti mrefu au zaidi kidogo, kisha ikaelekea kushoto na kuteleza chini. Katika kinasa sauti ilisikika ile kengele ya kutikisa usukani inayomwambia rubani kwamba mabawa yanakaribia kuacha kubeba. Ililia, haikunyamaza mpaka kishindo. Mtu aliyekuwa barabarani aliona mwanga wa moto kwenye ukungu. Hakupona mtu, wala ng'ombe.

Wengi wakisimulia ajali hii husema neno moja tu, pombe, kisha wanafunga kitabu. Na kweli pombe ilikuwepo. Damu ya kepteni ilipopimwa ilikuwa na miligramu 298 za pombe katika kila mililita 100. Sheria ya Alaska wakati ule ilimhesabu dereva wa gari kuwa amelewa akifika miligramu 100. Kwa lugha ya barabara zetu, Alcoblow ingelia kabla hajapuliza. Lakini Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani, ambayo watu huiita NTSB, haikuandika neno moja. Iliandika mambo matatu yaliyosukana kama ukili: ndege ilipoteza uwezo wa kupaa kwa sababu ya jinsi rubani alivyoshika usukani, barafu kwenye mwili wa ndege ikazidisha tatizo, na rubani alikuwa chini ya nguvu za pombe. Kisha ikaongeza kilichochangia: wale wengine ndani ya chumba cha marubani hawakumzuia kepteni asijaribu safari ile.

Tuanze na barafu, maana sisi wa huku hatuijui vizuri. Wengi wetu tunaijua ile ya kwenye friza, au ile sakitu inayounguza viazi Kinangop na majani ya chai huko juu. Unaamka asubuhi, shamba ni jeupe, na kufikia mchana majani yamekuwa meusi.

Bawa la ndege linabeba kwa sababu ya umbo lake. Hewa ikilifikia hugawanyika, na ile inayopita juu hufuata mviringo wa bawa, ikiambatana nalo kama maji yanayopita juu ya mgongo wa kijiko. Ikiambatana vizuri, bawa linanyanyua. Ukiinua pua ya ndege kupita kiasi, hewa inashindwa kufuata mviringo, inaachana na bawa, inakuwa vurugu tupu nyuma yake. Hapo bawa limeacha kazi. Injini zinaweza kuwa zinanguruma kwa nguvu zote, lakini bawa limeacha kazi.

Barafu hufanya hewa iachane na bawa mapema. Na usifikirie barafu ya kutisha, mapande ya kubomoa paa. Wahandisi wamepima: chembe za ukubwa wa milimita 1 au 2, kama changarawe ndogo ya mchanga, zikitawanyika moja kwa kila sentimita mraba juu ya bawa, zinaweza kuondoa karibu theluthi ya nguvu yake ya kunyanyua. Chukua karatasi ya msasa, ile ya fundi seremala, uipapase. Ukwaruzo huo unatosha. Tena ile kengele ya kumwonya rubani imepimwa kwa bawa safi, kwa hiyo bawa lenye barafu linaweza kuacha kazi kabla kengele haijapata nafasi ya kulia, au likaacha kazi ikiwa ndiyo tu imeanza.

Pale Anchorage ndege ilikuwa imepita kwenye ukungu wa baridi ikishuka, kisha ikakaa chini katika ukungu uleule. Watu walioihudumia waliona barafu kwenye midomo ya injini. Ndege haikunyunyiziwa dawa ya kuondoa barafu kabla ya kuondoka. Rubani mwenye akili yake yote, aliyelala na kuamka vizuri, akiwa na ndege nzito yenye bawa la namna hiyo, angepaswa kuinua pua polepole, kwa mkono mwepesi. Mkono wa mwenye miligramu 298 haukuwa mwepesi. Ndiyo maana nakataa wanaosema ni pombe tu, na nakataa pia wanaosema ni hali ya hewa tu. Kila kimoja kilikuwa kinamngoja mwenzake.

Sasa tuingie kwenye lile jambo la tatu.

Waswahili walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni methali ya watu wa bahari na ina hekima yake. Chombo kikiwa katikati ya dhoruba hakuna wakati wa kupiga kura. Urubani ulipozaliwa ulichukua desturi hiyo kutoka kwa mabaharia pamoja na cheo chenyewe, kepteni, na hata mistari ya dhahabu kwenye mikono ya koti. Kepteni akisema, imekwisha. Msaidizi yupo kumsaidia, hayupo kumuuliza. Katika ripoti ya Anchorage wachunguzi waliandika wazi kwamba ni vigumu mno kwa rubani wa chini kumpinga kepteni, hata pale kepteni mwenyewe anapokuwa hatari, na kwamba mamlaka ya kepteni yalikuwa yamegeuka kitu kisichoguswa.

Naomba tuwe waangalifu hapa kabla hatujawatupia mawe wale vijana wawili wa Kijapani. Wamekufa, hawawezi kujieleza. Jiweke pale. Wewe ni mdogo kwa umri na kwa cheo. Mwenzako ni mgeni kutoka nchi nyingine, amerusha ndege tangu wewe ukiwa shuleni, na mazungumzo yenu ni kwa lugha ambayo ni yake, si yako. Ni alfajiri. Kila mtu aliyempita ofisini amemtilia sahihi. Ukisema "huyu amelewa" na ikaonekana hajalewa, kazi yako imekwisha. Ukinyamaza, pengine mtafika Tokyo na hakuna atakayejua. Na katika kinasa sauti cha asubuhi ile hakuna hata neno moja la msaidizi au la fundi kuhusu hali ya kepteni.

Tunawajua hawa watu. Ni abiria kumi na wanne kwenye matatu usiku, dereva ananuka chang'aa, na kila mmoja anatazama simu yake. Hata sisi tunaoitwa wachungaji, wengi wetu tumezoea viti ambavyo hakuna anayethubutu kutuambia tumekosea, na tukaita hiyo heshima.

Siku 73 baada ya Anchorage, tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye ukungu huko Tenerife, katika visiwa vya Kanari. Watu 583 walikufa, na hadi leo hakuna ajali ya usafiri wa ndege iliyoua zaidi ya hiyo. Kepteni wa KLM, mtu mwenye jina kubwa katika shirika lake, alianza kukimbiza ndege kabla ya kupewa ruhusa ya kuruka. Fundi wake aliuliza kama ile ndege nyingine imeshaondoka njiani. Kepteni akajibu kwa uhakika kwamba imeondoka. Fundi hakuuliza tena. Haikuwa imeondoka.

Kisha ikaja tarehe 13 Januari tena, siku ileile, miaka 5 kamili baada ya Anchorage. Washington, mwaka 1982, theluji inaanguka. Hii haikuwa ya mizigo, ilikuwa Boeing 737 ya abiria ya Air Florida. Ilinyunyiziwa dawa, lakini ikakaa kwenye foleni na theluji kwa dakika karibu 50, na marubani hawakuwasha joto la kuzuia barafu kwenye injini. Kipima nguvu cha injini kikaonyesha namba ya uongo kwa sababu mdomo wake ulizibwa na barafu. Ndege ilipokuwa inakimbia rubani msaidizi aliona namba hazilingani. Akasema. Akasema tena. Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi, na kepteni akampuuza. Ndege iligonga daraja na kutumbukia katika mto Potomac uliokuwa na barafu. Walikufa watu 78, wanne kati yao wakiwa ndani ya magari yao juu ya daraja.

Angalia tofauti. Anchorage hakuna aliyesema. Tenerife mmoja aliuliza mara moja. Washington mmoja alisema, lakini kwa sauti ambayo mkubwa angeweza kuipita kama haipo. Kati ya ajali hizo watu wa anga walikuwa wameanza kuamka. Mwaka 1979 shirika la NASA liliita mkutano wa wataalamu kuhusu jinsi marubani wanavyofanya kazi pamoja, na mwaka 1981 shirika la United Airlines likaanza mafunzo ya kuwafundisha makepteni kusikiliza na wasaidizi kusema. Makepteni wengine waliyadharau, wakayaita shule ya adabu. Leo rubani wa shirika kubwa la abiria hakwepi mafunzo hayo popote duniani. Msaidizi hufundishwa maneno ya kupanda ngazi: kwanza unauliza, halafu unaonya, halafu unasema waziwazi ndege iko hatarini, na mwisho unashika usukani.

Sisi Wakenya tusidhani hayo ni ya wazungu na Wajapani. Usiku wa 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways ilianguka muda mfupi tu baada ya kuruka kutoka Douala, Kamerun, na watu 114 wakafa. Hakukuwa na barafu wala pombe. Lakini wachunguzi walitaja, pamoja na mambo mengine, kwamba marubani wawili hawakushirikiana ipasavyo. Familia nyingi zilizika bila kujua neno hilo linamaanisha nini.

Narudi kwenye ndege za mizigo, kwa sababu barafu ilikuwa bado haijamaliza kudai.

Tarehe 17 Februari 1991, muda mfupi baada ya saa 6 usiku, mji wa Cleveland katika jimbo la Ohio. DC-9 ndogo ya kampuni ya Ryan International ilikuwa imebeba barua na vifurushi vya posta. Ndani marubani wawili tu. Walitua, wakakaa chini dakika 35 wakati mizigo inashughulikiwa, theluji nyepesi, kavu, ikipeperushwa na upepo. Hawakushuka kulizunguka bawa. Hawakuomba dawa. Na nani angewalaumu? Theluji kavu inapeperuka kama unga, unaiona kabisa ikipita juu ya bawa na kwenda zake. Lakini wakati wa kushuka kuja Cleveland kingo za mbele za mabawa zilikuwa zimepashwa moto ili kuzuia barafu. Theluji iliyogusa chuma chenye joto iliyeyuka, kisha chuma kilipopoa maji yale yakaganda upya, utando mwembamba mkwaruzo ambao mtu aliyekaa kwenye kiti hauoni. Hivyo ndivyo wachunguzi walivyoielewa. Ndege iliruka, ikabingirika, ikaanguka. Wote wawili walikufa. Hapo hapakuwa na mlevi wala aliyeogopa kusema. Walikuwa watu wa zamu ya usiku wakifanya kazi yao.

Na mara hii bodi haikuishia kwa marubani. Ilisema makosa yao yalitokana kwa sehemu kubwa na waliokaa juu yao. Ndege ya aina ile, yenye bawa fupi lisilo na vile vipande vya mbele vinavyofunguka kusaidia wakati wa kuruka, ilikuwa inajulikana kwamba haivumilii barafu hata kidogo. Mwaka 1985 nyingine kama hiyo, nayo ya mizigo, ilianguka Philadelphia ikiruka, na marubani wake wakapona. Mwaka 1987 nyingine ya abiria ilianguka Denver na kuua watu 28. Kiwanda kilikuwa kimetuma barua kwa mashirika. Barua zilifika. Lakini bodi ilitaja mamlaka ya anga ya Marekani, kiwanda cha Douglas, na kampuni yenyewe, kwamba hawakuchukua hatua inayolingana na hatari waliyoijua. Unaona jinsi inavyofanana na ile simu ya Anchorage? Habari ilifika mezani. Mwenye meza akaona wengine watashughulikia.

Iliongezeka ajali nyingine mwezi Machi 1992, New York, uwanja wa LaGuardia, ndege ya abiria ya USAir, watu 27 wakafa kwa barafu kwenye bawa. Baada ya hapo mamlaka ilisogea haraka. Kabla ya baridi ya mwaka uleule kuanza, mashirika ya ndege yalipewa kanuni mpya na majedwali yanayoonyesha dawa inadumu dakika ngapi kwa kila aina ya theluji. Dakika zikipita, unarudi kunyunyiziwa tena au unakwenda kuangalia bawa kwa macho. Na kwa zile DC-9 fupi iliamriwa kwamba bawa lisiangaliwe kwa macho peke yake. Mtu apande ngazi, avue glavu au asivue, lakini aweke mkono juu ya bawa alipapase.

Ndugu zetu walioko Minnesota na Boston wanalijua hili bila kusoma historia. Umeshaketi, umefunga mkanda, unataka kufika nyumbani, halafu ndege inasimama kando na magari yenye mikono mirefu yanaanza kuimwagia maji ya rangi ya machungwa, kisha ya kijani. Watu wananung'unika. Dakika 20 zimepotea. Mtu mmoja nyuma analalamika kwa sauti kwamba ataikosa ndege ya Nairobi.

Kuhusu pombe, nitaje kisa kimoja zaidi. Machi 1990, katika mji mdogo upande wa Fargo, North Dakota, marubani watatu wa Northwest Airlines walikunywa baani usiku wakiwa na safari asubuhi. Kuna mtu aliyewaona akapigia simu mamlaka ya anga. Safari hii watu waliopokea simu walikwenda hadi uwanjani, wakawakuta, wakanusa pombe, na bado ndege iliondoka ikiwa na abiria. Ilitua salama Minneapolis, na marubani wakakamatwa. Wote watatu walipatikana na hatia na kufungwa. Kepteni wao alikuwa mlevi wa miaka mingi. Aliacha pombe, akatoka gerezani, akaanza upya leseni zote kutoka chini, akarudi kurusha ndege za shirika lilelile, na mwaka 2001 Rais Bill Clinton akamsamehe rasmi. Mwaka 1991 Bunge la Marekani lilikuwa tayari limepitisha sheria ya kuwapima pombe wafanyakazi wa usafiri bila kuwapa taarifa mapema.

Kepteni wa Anchorage hakupata nafasi hiyo. Ugonjwa wake bila shaka ulikuwa na umri kuliko asubuhi ile, na bila shaka kuna watu waliouona ukikua, wakamfunika kwa upendo au kwa woga, safari baada ya safari, kwa sababu alikuwa rubani mzuri na kila mara alifika.

Dereva wa teksi hakuwa amewahi kufaidika na ubingwa wake. Alimbeba mara moja tu, dakika chache, kutoka hotelini mpaka uwanjani. Alipomaliza kuwashusha aliwasiliana na ofisi yake, na ile simu ikapigwa kabla ndege haijaondoka, wakati ng'ombe wameshapakiwa na ukungu bado umelala juu ya njia za kurukia.